Mkanda wa Jeshi: Shahidi Aliyetangulia Vipimo

Ndugu msikilizaji, aliyeishi katika miji yetu miaka ya 1980 na 1990 hahitaji kuelezwa mkanda wa jeshi ni nini. Lakini wapo vijana waliozaliwa baadaye, kwa hiyo nianze na wao. Ni malengelenge yanayojipanga upande mmoja wa mwili, kuanzia mgongoni, yakizunguka ubavu hadi tumboni, mithili ya mkanda mpana wa askari. Kabla hayajatoka, mahali hapo huwaka moto siku mbili tatu, na mgonjwa hudhani ni kichomi. Yakishatoka, hata shati jepesi likigusa ni adhabu. Wengine huwatokea usoni, na hapo jicho huwa hatarini. Baada ya majuma matatu au manne hukauka, lakini kovu linaweza kubaki maisha yote.

Watu wa mbali na sisi wameupa ugonjwa huu jina lilelile. Wayunani wa kale waliuita zosta, yaani mshipi. Waganda huuita kisipi, na hicho nacho ni mshipi. Hofu yake pia ni moja. Wazee wetu walisema mkanda ukizunguka mpaka ncha zikakutana, mgonjwa haponi. Plinius, mwandishi wa Roma wa karne ya kwanza, naye aliandika kwamba ugonjwa huo huua ukimzunguka mtu. Hakuna aliyemsomea bibi yangu Kilatini, lakini alisema vivyo hivyo.

Kwa mtu mwenye afya ncha hizo hazikutani, na iko sababu. Kila mkanda ni eneo la mshipa mmoja wa fahamu unaotoka kwenye uti wa mgongo kuelekea upande mmoja. Na kirusi kinacholeta mkanda ni kilekile cha tetekuwanga. Mtoto akiugua tetekuwanga na kupona, kirusi hakiondoki. Hutambaa kupitia mishipa ya fahamu hadi kwenye mizizi yake kando ya uti wa mgongo, kikalala humo miaka hamsini au sitini. Aliyeueleza mpango huo kwa ufasaha alikuwa daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, R. E. Hope-Simpson, aliyeweka kumbukumbu za wagonjwa wake kwa miaka 16 na kuzichapisha mwaka 1965. Alisema mtu hapewi mkanda na jirani. Ni tetekuwanga yake mwenyewe ya utotoni iliyoamka, kwa sababu mlinzi aliyekuwa akiizuia amezeeka au amechoka. Mwenye mkanda anaweza kumpa tetekuwanga mtoto ambaye hajawahi kuugua, basi.

Naomba msikilizaji ulishike neno hilo, mlinzi, maana habari yote ya leo iko hapo.

Kirusi cha tetekuwanga kina ndugu zake. Wataalamu huuita ukoo huo herpesi, neno la Kiyunani lenye maana ya kutambaa, na wanaoishi katika miili ya binadamu ni wanane. Mmoja huleta vile vidonda vya mdomoni ambavyo watu wetu husema ni homa ya malaria inatoka. Pacha wake huleta malengelenge sehemu za siri. Wengine hawajulikani hata kwa majina, ingawa tunao. Tabia yao ni moja: wakishaingia hawatoki. Hujificha, na kinga ya mwili huwazuia wasitoke nje. Mtu mzima aliye mbele yako sokoni au ndani ya daladala yumkini amebeba wawili, watatu au zaidi, na hajui, wala hana haja ya kujua. Midomo ikibabuka baada ya homa, hupona kwa juma moja au mawili, ikawa imekwisha.

Sasa mlinzi huyo akiondoka? Jibu la swali hilo lilikuja mwaka 1981, kabla swali lenyewe halijaulizwa vizuri.

Tarehe 5 Juni mwaka huo wakuu wa afya wa Marekani walichapisha taarifa fupi ya vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia isiyo ya kawaida. Taarifa hiyo ndiyo inayokumbukwa kila mwaka. Lakini tarehe 10 Desemba jarida moja kubwa la tiba nchini humo lilitoa taarifa nyingine ambayo haikumbukwi sana. Frederick Siegal na wenzake wa New York walieleza habari za wanaume wanne waliokuwa na vidonda karibu na njia ya haja kubwa. Madaktari walipopima walikuta ni herpesi ya kawaida, ileile ya malengelenge. Lakini haikuwa na tabia ya kawaida. Malengelenge yalipasuka yakawa kidonda, kidonda kikapanuka, na badala ya kupona kwa siku kumi kikaendelea miezi. Wagonjwa walikonda, wakapata homa na maradhi mengine juu yake. Watatu walikufa. Wa nne akaota saratani ya ngozi iitwayo Kaposi.

Kirusi cha UKIMWI hakikuwa kimegunduliwa. Kiligunduliwa Paris mwaka 1983, na kipimo cha damu kikaanza kutumika mwaka 1985. Kwa hiyo kwa muda wa miaka minne daktari hakuwa na cha kupimia isipokuwa macho yake, na alichokiona ni wadudu wa zamani waliofahamika wakifanya mambo mapya. Ni kama mtaa ambao mbwa wake wote wanafahamika, halafu usiku mmoja wote wakabweka. Hujamwona mwizi, ila unajua yupo.

Huku kwetu mambo yalikwenda kwa njia hiyohiyo. Chukua hiyo saratani ya Kaposi. Daktari Moritz Kaposi wa Vienna aliieleza mwaka 1872, na madaktari wa Uganda waliijua vizuri miaka mingi kabla ya UKIMWI: mabaka na vinundu vyeusi miguuni mwa wanaume wazima, ugonjwa wa pole pole ambao mtu aliweza kuishi nao muda mrefu. Mwaka 1983 mjini Lusaka, mpasuaji Anne Bayley aliona Kaposi ya namna nyingine. Iliwashika vijana, ikaingia kwenye matezi, kinywani na mapafuni, na kuua upesi. Mwaka uliofuata aliitangazia dunia. Ilichukua miaka mingine kumi, hadi 1994, ndipo Yuan Chang na Patrick Moore wa New York walipogundua kwamba Kaposi nayo husababishwa na kirusi cha ukoo wa herpesi, yule wa nane. Kumbe mbwa aliyebweka Lusaka alikuwa wa boma lilelile.

Mwaka huohuo wa 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera. Watu wa huko waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiuzwa wakati ule. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, waliuita Slim, kwa jinsi ulivyokondesha.

Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Shida yao ilikuwa hii: kipimo kipo, lakini ni cha bei kubwa na kinataka maabara, na hospitali nyingi za Afrika hazina hata umeme wa kuaminika. Nchi zitahesabuje wagonjwa? Walichotunga ni orodha ambayo muuguzi wa zahanati angeweza kuitumia akiwa na kalamu na mizani tu. Dalili kubwa zilikuwa tatu: kupungua uzito kwa sehemu moja ya kumi au zaidi, kuharisha zaidi ya mwezi, na homa zaidi ya mwezi. Dalili ndogo zilikuwa sita: kikohozi cha zaidi ya mwezi, upele unaowasha mwili mzima, utandu mweupe kinywani, matezi kuvimba mwili mzima, malengelenge ya herpesi yanayoenea bila kupona, na mkanda wa jeshi unaorudi. Dalili kubwa mbili na ndogo moja zilitosha kumhesabu mtu mzima kuwa ana UKIMWI, ilimradi hana sababu nyingine inayojulikana, kama saratani au utapiamlo mkubwa. Kaposi iliyoenea ilitosha peke yake.

Hebu itazame tena orodha hiyo. Katika dalili ndogo sita, mbili ni za ukoo wa herpesi. Ile iliyosimama peke yake, Kaposi, ni ya tatu, ingawa waliokutana Bangui hawakulijua hilo.

Nakiri kwamba naiheshimu orodha ya Bangui. Ilitungwa na watu waliojua hali halisi ya zahanati zetu. Ilikuwa na kasoro: mgonjwa wa kifua kikuu hukohoa, hukonda na kupata homa, akaweza kuhesabiwa kimakosa. Ndiyo maana mwaka 1994 Shirika lilitoa maelezo mapya yaliyojumuisha kipimo cha damu. Lakini wenyewe walisema wazi kwamba ni orodha ya kuhesabia, si ya kumhukumia mtu mmoja mmoja. Na kuhusu mkanda waliandika neno moja dogo: unaorudi.

Neno hilo lilipotelea njiani. Orodha ilipotoka hospitali na kuingia mtaani, ilikuja ikisema tu kwamba mwenye mkanda wa jeshi anao. Nisiwalaumu watu kupita kiasi. Mwaka 1988 madaktari wa Kinshasa na Kigali walichapisha uchunguzi wao kwamba katika miji hiyo, kijana mwenye mkanda, hata wa mara ya kwanza, kwa kawaida alikutwa na virusi vya UKIMWI. Mara nyingi mkanda ulitangulia dalili nyingine zote, mtu akiwa bado mnene na mwenye nguvu. Watu wa mtaani walikuwa wameona jambo hilohilo kwa macho yao. Walimwona utingo kijana mwenye kovu la mkanda, na baada ya miaka miwili mitatu wakaenda kumzika. Walichosahau ni kuuliza umri.

Hapa niwasimulie la nyumbani. Baba yangu mdogo alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani. Mwaka 1989, akiwa na miaka 66, alitokwa na mkanda wa jeshi ubavu wa kulia. Kwa umri huo ni jambo la kawaida mahali popote duniani, kwa sababu ileile aliyoieleza yule daktari wa Cirencester. Lakini joto la mji wetu halikumruhusu kushona akiwa amevaa shati, na siku ya pili mtaa mzima ulikuwa umeona. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao, hata vile ambavyo havijakatwa. Mmoja alituma mtoto. Wenzake wa bao walianza kuhamia kibaraza cha pili. Na mimi niliyesoma, niliyekuwa nikiandika magazetini, nilipokwenda kumjulia hali nikaletewa chai, niliisogeza ile kikombe pembeni na kusema nimeshakunywa. Aliona. Hakusema kitu.

Mwaka uliofuata alikwenda kupima mwenyewe. Akapewa karatasi inayosema hana. Nilimwambia, "Baba, ibandike hapo ukutani juu ya cherehani, wateja warudi." Aliikunja akaiweka kwenye mtoto wa meza pamoja na chaki na futikamba. Akaniambia, "Mwanangu, nikiibandika hii, na yule wa nyumba ya tatu atabandika nini?" Nyumba ya tatu alikuwapo kijana aliyekuwa na mkanda shingoni, na yeye hakuwa na miaka 66.

Turudi hospitali. Kadiri miaka ya 1980 ilivyokwenda, madaktari waligundua kwamba vitabu vyao havitoshi. Vitabu vilisema mkanda hukaa upande mmoja na katika eneo la mshipa mmoja. Kwa waliopungukiwa kinga mkanda ulishika maeneo mawili matatu kwa pamoja, wengine pande zote mbili, na ile hofu ya bibi ya ncha kukutana ikawa kitu kinachoweza kutokea. Vitabu vilisema mtu huupata mara moja maishani. Sasa ulirudi mara ya pili na ya tatu. Badala ya malengelenge yanayokauka, wengine walibaki kwa miezi na vigaga vyeusi vigumu kama sugu. Wengine kirusi kilipanda hadi kwenye jicho, kikala utando wa ndani unaopokea mwanga, na macho yakapofuka kwa siku chache.

Herpesi ya sehemu za siri ndiyo iliyowapoteza wengi. Daktari hutafuta malengelenge madogo yenye maji. Yasipokuwapo, hafikirii herpesi. Kwa wagonjwa hawa ilikuja kwa sura ya kidonda kikubwa kilichochimbika, au, ajabu zaidi, kinyama kigumu kilichoota na kuvimba kama uvimbe wa saratani. Wapo waliopelekwa kwa wapasuaji kwa kudhaniwa wana saratani. Kipande kilipokatwa na kutazamwa kwa hadubini, saratani haikuonekana, ilionekana herpesi. Tofauti hiyo si ndogo kwa mgonjwa. Mmoja anahitaji kisu na mwingine anahitaji vidonge. Na mahali pasipo na mtu wa kutazama kipande hicho, nani atakayeijua tofauti?

Vidonge vyenyewe vilikuwapo. Dawa ya acyclovir ilitangazwa mwaka 1978, matunda ya kundi la wanasayansi lililoongozwa na Gertrude Elion, mwanamke ambaye mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Ni dawa yenye akili. Huingia mwilini ikiwa imelala, na kinachoiamsha ni kimeng'enya cha kirusi chenyewe. Kwa hiyo hufanya kazi pale tu penye kirusi. Lakini kwa watu wasio na kinga, waliotumia dawa hiyo muda mrefu, walitokea virusi visivyo na kimeng'enya hicho, na dawa ikabaki imelala. Habari zake zilitolewa mwaka 1989. Dawa ya akiba, foscarnet, hupitishwa kwenye mshipa kwa dripu na huumiza figo. Huku kwetu miaka hiyo mjadala huo ulikuwa wa kinadharia, maana hata acyclovir yenyewe ilipita uwezo wa mshahara wa kawaida. Mgonjwa alipewa dawa ya rangi ya zambarau ya kupaka, na vidonge vya maumivu kama vipo.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa dawa ya herpesi. Kilikuwa kumrudisha mlinzi. Mwaka 1996 ilidhihirika kwamba dawa kadhaa za kupunguza makali ya UKIMWI zikitumiwa kwa pamoja, kinga hurudi. Na mwaka 2004 Tanzania ilianza kuzitoa bure katika hospitali zake. Kinga iliporudi, vidonda vile vya miezi vikaanza kufunga.

Ila herpesi hawaishi vituko. Katika miezi michache ya mwanzo ya kutumia dawa hizo, baadhi ya wagonjwa, walipokuwa wakiongezeka uzito na kupata nguvu, walitokwa na mkanda wa jeshi. Mtu asiyeelezwa hudhani dawa zimeshindwa, na pengine akazitupa. Kumbe mara nyingi ni kinyume chake. Mlinzi aliyezimia ameamka, akamkuta mgeni sebuleni, na vurugu inayoonekana kwenye ngozi ni ya mapambano yao. Alama ileile iliyosomwa miaka ya 1980 kuwa ni habari ya mazishi, kwa mtu huyo inaweza kuwa habari ya kupona. Mganga anayejua hilo humpa mgonjwa dawa ya mkanda na kumwambia aendelee na zile nyingine. Na kijana ambaye hajapima, akitokwa na mkanda, bado hushauriwa apime, kwa sababu zile za Kinshasa na Kigali.

Baba yangu mdogo alishona hadi macho yalipomkatalia. Wateja walirudi pole pole, wengine bila kusema neno, wakiwa na kitambaa mkononi kana kwamba waliondoka jana. Yule kijana wa nyumba ya tatu alifariki mwaka 1992, na suruali aliyozikiwa mdogo wake akiwa ameivaa ilishonwa kwenye cherehani ile, bila malipo. Mzee mwenyewe alifariki mwaka 2007, akiwa na miaka 84, kwa shinikizo la damu. Nilikuwa mmoja wa waliomwosha. Kovu lilikuwa bado lipo ubavuni, mstari mweupe wenye upana wa vidole vinne. Mmoja wa waoshaji, kijana wa miaka ishirini hivi, aliuliza mzee aliungua na nini.

Nikamwambia, mkanda wa jeshi. Hakuujua.